Waya umechomoka kwenye swichi: testa, kalamu ya mlio au multimita ya DT830D?

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme Mtwara Mjini, na Lindi vivyo hivyo, vifaa vitatu hupangwa kwenye kabati moja la kioo: testa ya bisibisi, kalamu inayolia bila kugusa shaba, na multimita ndogo ya DT830D. Mteja akieleza kwamba amefungua swichi akakuta waya umechomoka na hajui ulifungwa wapi, muuzaji humpa testa, maana ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayojulikana na kila mtu. Amemsaidia nusu. Testa hujibu kama moto upo au haupo. Mwenye waya uliochomoka anataka kujua unatoka wapi na unakwenda wapi, na hapo ndipo vifaa hivi vinapoachana njia. Kwa kazi hiyo tunaiweka DT830D mbele, pamoja na kasoro zake, ambazo si chache.

Ndani ya boksi la swichi ya taa kuna nyaya chache kuliko watu wanavyodhani. Swichi ya kawaida ya gengi moja (kitufe kimoja) ina mbili tu: laivu, yaani waya wenye moto, inayoingia kwenye skrubu yenye alama COM, na waya wa kurudi kwenye taa unaotoka kwenye skrubu ya L1. Nyutro, waya wa pili wa taa, haina kazi pale, inakwenda moja kwa moja kwenye holda ya balbu. Lakini mafundi wengi hulifanya boksi la swichi kuwa kituo cha kupitishia, kwa hiyo utakuta laivu nyingine inayoendelea chumba cha pili, ethi (waya wa ardhini), na pengine nyutro iliyopelekwa kwenye kidhibiti cha feni au taa ya nje yenye sensa. Swichi za tuwei, zile za koridoni na za ngazi ambapo mbili huwasha taa moja, zina COM, L1 na L2, na kuna nyaya mbili zinazosafiri baina ya swichi hii na ile. Kisha kuna wageni wasiotarajiwa: nyumba za vijijini, Liwale au Nanyumbu, zilizokuwa na sola kabla nguzo za TANESCO hazijafika, mara nyingi zimeachiwa nyaya za volti 12 ukutani, na mtu wa pili aliyekuja kutandaza nyaya za gridi akapita kwenye paipu zilezile.

Rangi zinasaidia, ila si za kuapia. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Za sasa zina kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Balaa huanza nyumba ikiongezwa vyumba. Nyeusi ya upande wa zamani ni nyutro, lakini nyeusi ya mfumo mpya wa fezi tatu ni fezi, yaani laivu. Buluu ni nyutro kwa utaratibu mpya, lakini fezi tatu za zamani zilikuwa nyekundu, njano na buluu, yaani buluu ile ina moto kamili. Na swichi iliyoshushiwa kebo bapa yenye nyekundu na nyeusi, ile nyeusi si nyutro hata kidogo: ni waya wa kurudi, na swichi ikiwashwa inabeba volti 230. Inatakiwa ivishwe tepu nyekundu au kahawia mwishoni, jambo ambalo wachache hulifanya. Unene haudanganyi sana kama rangi: milimita za mraba 1.5 ni taa, 2.5 ni soketi, 4 au 6 ni jiko au hita ya maji. Ukikuta 2.5 kwenye boksi la taa, shuku kwamba ni laivu ya kupitishia.

Testa ya bisibisi tuimalize haraka. Ndani yake kuna kitaa cha neoni na kizuizi chenye ukinzani mkubwa, na umeme kidogo sana hupitia mwilini mwako kwenda ardhini ndipo kitaa kiwake. Umesimama juu ya ngazi ya mbao na ndala za plastiki? Mwanga utafifia hata kwenye laivu halali. Mchana karibu na dirisha hutauona kabisa. Kubwa zaidi, testa haitofautishi nyutro, ethi na waya mfu: zote tatu hazimuliki. Na nyutro ikiwa imekatika njiani huku taa imewashwa, moto hupita ndani ya balbu na kutokea upande wa pili, testa ikamulika pande zote mbili, na mtu akaondoka akisema ana laivu mbili. Faida yake ni wepesi wa kukuonya usiguse. Ikishaingia unyevu au mpini ukipasuka, itupe. Kizuizi kile ndicho kinachokutenga na umeme. Na usiitumie kukazia skrubu zilizoshika kutu, maana hapo ndipo mipini hupasukia.

Kalamu ya mlio ni nzuri kwa kufuata kebo juu ya ukuta au kukagua kama waya wa pasi umekatikia wapi. Ndani ya boksi la swichi lenye nyaya tano zilizobanana, inalia kwa zote. Laivu moja hueneza uga wake wa umeme kwa majirani, na kalamu haijui jirani ni nani. Ukizitenganisha nyaya kwa sentimita kadhaa inatulia kiasi, lakini bado haitakuambia waya unaenda wapi. Tena haisikii umeme wa sola, ambao hautikisiki, wala haisikii waya uliopita ndani ya paipu la chuma lenye ethi. Kama pesa ni ya kifaa kimoja, kisiwe hiki.

Sasa DT830D. Bei yake inazunguka bei ya mfuko mmoja wa saruji. Ni mita ya tarakimu inayosoma hadi 1999, inatumia betri ya mraba ya volti 9, ina volti za AC (umeme wa gridi) mahali pawili (200 na 750), volti za DC (umeme wa betri na sola) kuanzia milivolti 200, na ohmu, yaani kipimo cha ukinzani, kuanzia 200 hadi milioni mbili. Ampea za AC haipimi. Ikizidiwa kipimo huandika 1 peke yake upande wa kushoto, na hapa wengi huchanganyikiwa: ukiweka kisahani cha kuzungusha kwenye 200 ya AC ukagusa laivu na nyutro, itaandika hiyo 1, nayo maana yake ni "umezidi", si volti moja. Kazi ya nyumbani ifanyike kwenye 750. Usahihi wake kwenye eneo hilo ni asilimia 1.2 na tarakimu kumi juu au chini, yaani kwenye 230 inaweza kukosea kwa volti kama 13. Kutambua waya inatosha kabisa. Kwenda kulalamika kwamba umeme wa mtaa umeshuka hadi 221, haitoshi.

Kasoro zinazoweza kuumiza mtu ni tatu. Ya kwanza ni kisahani: volti za DC na za AC zipo kwenye duara moja, na ukipima umeme wa nyumba ukiwa kwenye DC, kioo huonyesha sifuri au karibu yake. Mtu anasoma 00, anashika shaba. Soma alama kabla ya kugusa: AC ni ile yenye kiwimbi. Ya pili ni tundu la 10A. Kwa kawaida halina fyuzi, na pini nyekundu ikiachwa humo kisha ukagusa laivu na nyutro, umeunganisha shoti kwa mikono yako. Nyekundu ikae VΩmA, nyeusi COM, na kwa kazi hii tundu la tatu lisahauliwe. Ya tatu ni nyaya za pini zenyewe: nyembamba, hukatikia shingoni karibu na plagi, zikakupa sifuri ya uongo. Kuhusu maandishi ya CAT II au CAT III (madaraja ya usalama wa mita) yaliyochapwa usoni, kwenye mita za bei hii tusiyategemee. Zitumike kwenye swichi na soketi, nyuma ya breka. Kwenye waya unaotoka nguzoni hadi mita ya LUKU zisiguswe. Upande huo una sili ya TANESCO na hauna breka ya kukuokoa.

Kazi yenyewe huanza bila kifaa chochote. Kabla ya kufungua pleti, tembea nyumbani ujue nini kimekufa. Taa moja tu imezima: waya uliochomoka ni wa kurudi, au laivu ya gengi hiyo. Chumba hiki na kinachofuata vimezima pamoja: ni laivu ya kupitishia. Taa ya koridoni inawaka kwa swichi moja na kugoma kwa nyingine: ni mojawapo ya nyaya zinazosafiri. Hakuna kilichozima kabisa: ni ethi, au waya uliostaafu. Dakika hizi huokoa nusu ya vipimo.

Kuzima kuna utaratibu wake. LUKU kuisha uniti si kuzima, na umeme kukatika mji mzima ndiyo kabisa, kwa sababu unarudi bila hodi. Zima kwanza breka ya sakiti hiyo tu, ili soketi moja ibaki hai ya kuthibitishia: pima soketi uone takriban 230, pima boksi lako kila waya dhidi ya kila mwenzake na dhidi ya ethi, kisha rudi upime soketi tena. Kama soketi bado inasoma, sifuri ya boksini ni ya kweli. Ndipo uzime na meni swichi. Nyumba yenye inveta, jenereta au betri za sola, nazo zizimwe upande wake; meni swichi haizijui.

Piga picha. Bandika kipande cha tepu chenye namba kwenye kila waya, hata ule ambao hujaona shida nao. Toa balbu zote za sakiti hiyo na uchomoe vifaa vyote kwenye soketi. Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo inayoharibu vipimo vya ohmu: friji iliyochomekwa inaunganisha laivu na nyutro kupitia kompresa yake, nawe unaona mwendelezo, yaani njia ya waya, ambao haupo. Weka kisahani kwenye ohmu 200, gusanisha pini, usome mita yenyewe inasema nini. Mara nyingi ni kati ya 0.3 na 1. Hiyo ni deni la nyaya za pini, litoe kwenye kila kipimo. Mita nyingine za jina hilihili zina buza na nyingine hazina. Angalia kama kuna alama ya sauti kwenye duara. Bila buza kazi inafanyika vilevile, ila utahitaji mwenzako wa kusoma kioo.

Kisha unahitaji waya mrefu wa milimita 1.5, mita 15 hivi, wa kufikisha pini moja kwenye taa au kwenye boksi la breka. Urefu huo unaongeza kama ohmu 0.2 tu, haukusumbui. Funga ncha moja kwenye waya usiojulikana, nenda na nyingine. Ikisoma chini ya ohmu 1 au 2 kwenye moja ya miguu ya holda, umepata waya wa kurudi, au nyutro. Kutofautisha, pima mguu huohuo na baa ya nyutro kwenye boksi la breka. Ikisoma kwenye baa ya ethi, ni ethi. Ikisoma kwenye COM ya swichi ya chumba kilichozima, ni laivu ya kupitishia. Ikisoma kwenye L1 au L2 ya swichi ya pili ya ngazi, huku pande zote mbili zimefunguliwa, ni waya unaosafiri. Meni swichi iwe imezimwa wakati wote huu, na iwe ile inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Ikiwa imewashwa, nyutro na ethi hukutana kupitia ardhini, nawe utazichanganya.

Mwenye balbu ya zamani ya nyuzi ana njia ya mkato. Balbu ya wati 60 ikiwa baridi husoma kama ohmu 60 hadi 70. Hiyo peke yake iache kwenye holda, pima kati ya waya usiojulikana na nyutro ya sakiti hiyo: ukipata kama 65, waya huo unaishia kwenye taa ile, bila kupanda ngazi. LED haikubali mchezo huu. Itaandika 1 kushoto kana kwamba hakuna kitu.

Vipimo vyenye umeme vifuate baadaye, na kwa nyaya chache zilizobaki na utata. Kila ncha iwe ndani ya konekta yake, hakuna shaba inayoning'inia, mkono mmoja ukae nyuma. Washa. Kisahani 750, alama ya kiwimbi. Pini nyeusi kwenye nyutro inayoaminika, nyekundu kwenye waya. Takriban 220 hadi 240 ni laivu. Sifuri au volti moja mbili ni nyutro, ethi au waya mfu, na umeshazitenganisha kwa ohmu. Waya unaosoma 230 swichi ikiwashwa na kufa ikizimwa ni wa kurudi.

Halafu kuna 20, 45, hata 90. Hii ni volti ya mzuka: waya haujafungwa popote, lakini umelala mita kadhaa kando ya laivu ndani ya paipu moja na kuiba uga wake. Ndiyo hiyohiyo inayofanya taa ya LED kumulika hafifu usiku ilhali swichi imezimwa. Tiba ni kuipa mzigo. Holda yenye balbu ya nyuzi na vipande viwili vya waya, iliyofungwa kati ya waya huo na nyutro huku umeme umezimwa, kisha uwashe upime tena: mzuka huanguka hadi sifuri papo hapo, laivu ya kweli inawasha balbu. Usifunge balbu hiyo kati ya laivu na ethi. Kwanza, nyumba yenye RCCB (breka inayokata umeme unapovujia ardhini) ya miliampea 30 itazima mara moja, kwa sababu balbu ya wati 60 inavuta kama miliampea 260. Pili, mchanga wa Mtwara ukikauka hupandisha sana ukinzani wa fimbo ya ethi, balbu inamulika hafifu, na laivu nzima inaonekana kama mbovu.

Sola ina kipimo chake: kisahani kwenye DC 20. Ukiona 12 hadi 14, waya huo unatoka kwenye betri, na betri ile inaweza kuchoma waya kwa shoti moja ingawa volti zake ni za kudharauliwa. Fuata hadi kwenye betri, ufungue pale. Usiurudishe kwenye boksi lenye 230 hata kama rangi yake ni nyekundu safi. Ni kwa sababu ya nyaya hizi hasa kwamba huku kusini mita inashinda testa na kalamu kwa mbali.

Sababu ya waya kuchomoka nayo itazamwe, maana pwani ina yake. Hewa ya chumvi Shangani, Mikindani au ufukweni mwa Lindi huacha ukungu wa kijani kwenye terminali za shaba ya njano, skrubu hulegea, mguso unapata moto, plastiki inakuwa kahawia. Kata waya nyuma sentimita moja au zaidi hadi ufikie shaba inayong'aa. Ikibaki nyeusi hata baada ya kukata, waya umeliwa ndani ya ganda na unastahili kuvutwa mwingine. Menya milimita 8 hadi 10. Waya mmoja wa 1.5 kwenye tundu kubwa la terminali ukunjwe mara mbili kabla ya kukazwa, la sivyo skrubu hupita pembeni yake. Kaza, kisha uvute kwa mkono. Ukikwaruza shaba na kisu ukaona weupe chini, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ndiyo sababu ilikatika.

Waya uliothibitika mfu pande zote mbili usirudishwe kwenye terminali yoyote kwa kubahatisha. Konekta, tepu, ukunje nyuma ya boksi, uandike. Na kama vipimo vinaonyesha kwamba swichi inakata nyutro badala ya laivu, yaani holda ina moto hata taa ikizimwa, au laivu mbili za fezi tofauti zimo boksi moja (kati yake utasoma kama 400), hapo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, si ya mwenye nyumba na mita yake.

Ukiamua kununua DT830D, usiichukue ikiwa kwenye nailoni. Mwombe muuzaji betri, weka ohmu 200, gusanisha pini huku ukizikunja nyaya shingoni. Namba ikirukaruka, chukua nyingine. Zungusha kisahani duara zima, kila hatua isikike. Pima betri ya redio ya 1.5 kwenye DC 20, kisha soketi ya dukani kwenye 750, na mita ya pili kandokando kwa kulinganisha. Nunua betri ya akiba ya volti 9 papo hapo: mita hii haijizimi, ikisahauliwa imewashwa betri huisha bure, na betri ikichoka husoma juu kuliko ukweli. Ukiona 260 kwenye soketi ambayo jana ilisoma 232, badilisha betri kwanza.